Jina la Ndoa na Karatasi za Serikali



Somo la leo limetokana na swali tunaloulizwa karibu kila tunapotembelea vikundi vya akina mama: "Nimeolewa, je, ni lazima nibadili jina kwenye kitambulisho?" Jibu ni la. Hakuna sheria ya Kenya inayomlazimisha mke kuchukua jina la mume. Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa katika ndoa, na hata ndoa ikivunjika. Jirani zetu Waislamu wanalijua jambo hili tangu zamani: binti fulani hubaki binti wa babake, na ndoa yake haipungukiwi kitu. Tena tukumbuke kwamba mpaka mwaka 1978 kipande kilikuwa cha wanaume peke yao. Nyanya zetu waliolewa, wakazaa na wakazeeka bila kipande. Kwa hivyo anayesema jina la mume kwenye kitambulisho ni mila ya mababu, muulizeni ni mababu wapi hao.

Basi kubadili ni hiari. Shida tunayokutana nayo sisi ni kubadili nusu. Tuseme dada anaitwa Agnes Kadzo Kazungu. Ameolewa, kitambulisho sasa kinasema Agnes Kadzo Charo. Lakini yeye ndiye mweka hazina, na akaunti ya kikundi bado inamjua kama Kazungu. Laini ya simu vilevile, NSSF vilevile. Siku ya kutoa pesa karani anatazama kitambulisho, anatazama jina lililo benki, anasema: "Mama, majina hayafanani." Kikundi kizima kimekwama kwa neno moja. Na hiyo ni shida ndogo. Kubwa ni pale mume anapofariki, na jina aliloliandika kwenye NSSF au chama cha akiba halilingani na kitambulisho cha mjane. Mama wa watu anaanza kutafuta viapo na matanga hayajaanuliwa.

Haya, anayetaka kubadili aanze na cheti cha ndoa. Cheti cha ndoa ya kanisani hutolewa chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014. Si kumbukumbu ya parokia tu. Waislamu hupata chao kupitia kwa kadhi. Lakini wengi wetu tulilipiwa mahari nyumbani, watu wakala wakanywa, yakaisha. Ndoa hiyo ya kimila inatambuliwa na sheria hiyo hiyo, ila ni lazima iandikishwe kwa msajili wa ndoa, kazi iliyoanza mwaka 2017. Sheria inataka msajili ajulishwe ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe. Mliochelewa msikae na aibu, nendeni mkaulize. Ile ya "njoo tukae", bila mahari wala sherehe, haina cheti, hata mkiwa na watoto sita.

Ukishapata cheti, nenda kwa ofisi ya usajili wa watu au Kituo cha Huduma mjini. Chukua cheti chenyewe na nakala zake, pamoja na kitambulisho cha zamani. Ukiweza, beba na nakala ya kitambulisho cha mume, maana nauli ya kurudi tena ni yako, na foleni ya feri mnaijua. Nambari ya kitambulisho haibadiliki, ni jina tu. Jambo moja wengi hulisahau: malizeni kwanza shughuli za benki, kwa sababu utakaa kwa muda na karatasi ya kungojea, na si kila kaunta inaikubali.

Kitambulisho kipya kikitoka, usikifungie sandukuni. Nenda nacho benki, kwa laini ya simu, kwa PIN ya kodi, NSSF, na SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Nenda pia ofisi ya uchaguzi. Hati ya shamba haibadiliki yenyewe. Hiyo ni safari nyingine, ya ofisi ya ardhi. Kama wewe ni ofisa wa kikundi, muhtasari wa mkutano uandike jina jipya na la zamani, upelekwe benki na ofisi ya maendeleo ya jamii.

Vyeti vya shule na cheti chako cha kuzaliwa hubaki na jina la usichana. Usijaribu kuvikwaruza! Cheti cha ndoa ndicho daraja kati ya majina mawili. Pale daraja hilo halitoshi, kuna kiapo mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, kinachosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Lakini kiapo hakigeuki kuwa cheti cha ndoa, hata aliyekuandikia akikuambia hivyo.

Kazi ya kikundi: Mkutano ujao kila mmoja, wanaume pia, aje na kitambulisho, kadi ya benki au ya NSSF, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kaeni wawili wawili, msomeane majina herufi kwa herufi. Katibu aandike ni nani hayalingani, na wapi. Kisha mjadiliane: ni nani kati yetu ameandikwa kuwa mrithi mahali fulani, na kwa jina gani?