Somo kwa Matawi: Kutafuta Kikundi cha Wanaoacha Pombe



Hapa Vurra, mpakani na Kongo, kazi yetu nyingi ni kungoja. Lori linangoja karatasi za forodha, taniboi anangoja dereva, mchukuzi anangoja lori. Anayengoja hunywa. Kwete iko karibu, waragi iko karibu zaidi. Mwaka 2019 Serikali ilipiga marufuku waragi ya vifuko, lakini chupa zimebaki.

Kabla ya kufundisha, tuseme kosa letu. Tulikuwa na mwenzetu mchukuzi aliyekuwa akilewa tangu asubuhi. Tulibeba magunia yake, tukamwambia msimamizi ana malaria. Tuliona huo ndio umoja. Siku moja akaanguka kutoka juu ya lori, akavunjika mguu, na mwajiri akamfukuza. Tulipokwenda kumtetea hatukuwa na neno, kwa sababu miaka miwili tulikuwa tumesema halewi. Mgonjwa aliyefichwa hana wa kumtetea.

Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitoa mwongozo mwaka 1996. Unasema matatizo ya pombe kazini yachukuliwe kama matatizo mengine ya afya. Mwongozo si sheria, lakini katibu wa tawi anaweza kuuweka mezani mbele ya mwajiri. Ili uwe na nguvu, mgonjwa lazima awe ameanza kutafuta msaada.

1. Kwanza hospitali
Mtu anayekunywa sana kila siku asikatishe pombe ghafla akiwa peke yake. Anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyopo, kupata kifafa, hata kufa. Aende kwanza kwa mganga, na aseme kweli kiasi anachokunywa. Kwetu kuna Hospitali ya Rufaa ya Arua. Kampala, Hospitali ya Butabika ina kitengo cha kutibu ulevi. Hospitali hutoa sumu mwilini. Kikundi humsaidia mtu asirudi chupani akifika nyumbani.

2. Kikundi ni nini
Kinachojulikana zaidi duniani ni Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA. Kilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Kazi yake ikamharibikia mjini humo, kiu ikamshika hotelini. Badala ya kuingia baa alipiga simu makanisani, akiuliza mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akapelekwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, wakazungumza saa nyingi. Tarehe 10 Juni mwaka huo daktari alikunywa mara ya mwisho, na AA huhesabu siku hiyo kuwa mwanzo wake. Walikuwa wawili tu.

3. Kukitafuta
Uliza kwa mganga wa magonjwa ya akili, kwa padri, mchungaji au imamu, na kwa mtu unayemjua aliyeacha pombe. Huyu wa mwisho ndiye anayejua njia vizuri. Madereva, mikutano ya AA iko Kampala na Nairobi. Ulizeni mnapofika huko, kwa maana safari haimzuii mtu kuhudhuria.

4. Siku ya kwanza
Hakuna ada. Huulizwi dini wala kabila. Sharti ni moja: kutaka kuacha kunywa. Mtu husema jina lake la kwanza, husema yeye ni mlevi, na hueleza yaliyompata. Wengine husikiliza bila kumkatiza. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Yanayosemwa ndani hubaki ndani. Mikutano mingine ni ya walevi peke yao, mingine ni wazi kwa wote. Jamaa za walevi wana kikundi chao, Al-Anon, kilichoanza mwaka 1951. Usihukumu kikundi kwa mkutano mmoja, rudi mara kadhaa. Ukianguka ukanywa, rudi pia.

5. Kama hakuna karibu
Kumbukeni wale wawili wa Akron. Wawili wanaotaka kuacha wachague siku moja ya juma, saa moja, na mahali pasipouzwa pombe: darasa la shule, chumba cha kanisa, chini ya mwembe. Siku ya malipo ndiyo siku ya hatari, basi wakutane siku hiyo hiyo kabla ya jioni. Mmoja asipokuja, mwenzake amfuate nyumbani.

6. Kazi ya tawi
Tusimfiche mwenzetu, wala tusimcheke. Tumpe mtu wa kumsindikiza mara ya kwanza. Tumwombee ruhusa kwa mwajiri bila kutangaza habari zake. Na mikutano yetu wenyewe isiishie kwenye chungu cha kwete.

Mwenzetu yule anatembea kwa fimbo. Tumekwenda kwake, tumeomba radhi. Tulipomwuliza kama angependa kuonana na mtu aliyeacha pombe, alituuliza: "Lini?"

Maswali ya kujadili tawini
(a) Ni nani tunamficha sasa?
(b) Ni nani kati yetu ameacha pombe na yuko tayari kuzungumza na mwenzake?
(c) Tutapata wapi mahali pa kukutania, na siku gani?