Barafu ya Kibo na kesi ya joto la dunia: Je, tumemwita shahidi sahihi?

NI watu wachache duniani ambao mlima wao umewahi kutajwa mahakamani katika nchi ya mbali. Sisi wa Machame ni miongoni mwao.

Mwezi Oktoba 2007, katika Mahakama Kuu ya Uingereza jijini London, Jaji Michael Burton alitoa hukumu kuhusu filamu ya Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani. Filamu hiyo ilitoka mwaka 2006 na inazungumzia ongezeko la joto duniani. Serikali ya Uingereza ilitaka ionyeshwe katika shule za sekondari. Mzazi mmoja, dereva wa lori, akapinga kwa hoja kwamba watoto wanalishwa siasa. Jaji hakuizuia filamu. Alisema hoja zake kuu kwa ujumla zina msingi wa kisayansi, lakini akataja mambo tisa ambayo filamu ilikwenda mbele kuliko yale wanasayansi waliyokubaliana, na ikabidi walimu wapewe maelezo ya kuweka mizani. Moja ya mambo hayo tisa ni theluji ya Kilimanjaro. Wiki hiyo hiyo Al Gore akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobeli, pamoja na jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC.

Kwa hiyo mlima mmoja, ndani ya wiki moja, ukawa fahari ya upande mmoja na silaha ya upande wa pili. Na mpaka leo uko hivyo hivyo. Mimi ni mzaliwa wa Machame ninayeishi mjini, na nimeusikia ubishi huu mara nyingi barazani baada ya swala ya Ijumaa. Yupo ndugu atakayekwambia barafu inakwisha, basi hiyo ni hujja tosha kwamba viwanda vya Ulaya na Marekani vimetuunguza. Yupo mwingine atakayekujibu kuwa habari yote ya joto la dunia ni njama ya wakubwa ili sisi maskini tusijenge viwanda, na kwamba hata mahakama yao wenyewe ilisema Kilimanjaro si ushahidi. Wote wawili wanaunyooshea kidole mlima ule ule.

Muislamu amefundishwa kwamba habari ikimfikia aihakikishe kabla hajaibeba. Basi hebu tufanye hivyo kwa habari hii, hatua kwa hatua, maana ni habari ya maji yetu wenyewe.

Tuanze na lile lisilobishaniwa. Barafu inakwisha. Ramani ya Wajerumani ya mwaka 1912 ilionyesha barafu ya takriban kilomita za mraba 12 juu ya Kibo. Kufikia mwaka 1953 zilibaki chini ya kilomita 7, mwaka 1989 kama kilomita 3.3, mwaka 2000 kama kilomita 2.5, na mwaka 2011 hazikufika 2. Mzee aliyezaliwa Machame miaka ya 1940 hahitaji ramani hizo. Ameyaona kwa macho.

Ubishi uko kwenye sababu. Mwaka 2002 Profesa Lonnie Thompson wa Marekani, ambaye miaka miwili kabla alipanda na wenzake wakatoboa barafu na kuchukua vipande vyake, aliandika katika jarida la Science kwamba hali ikiendelea vile ilivyo, barafu itatoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Magazeti ya dunia nzima yakaibeba tarehe hiyo. Mwaka 2007 wakatokea wataalamu wengine wawili, Philip Mote wa Marekani na Georg Kaser wa Austria, wakaandika kwamba barafu ya Kilimanjaro haifai kutumiwa kama kipimo cha joto la dunia. Hoja yao inastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu ni hoja nzito na wanaoinukuu wengi hawajaisoma.

Walisema kule juu wastani wa joto uko nyuzi kama 7 chini ya kiwango cha maji kuganda. Kwa hiyo sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki ikawa maji. Inapotea kwa njia nyingine: jua kali na hewa kavu vinaifanya igeuke mvuke moja kwa moja. Tunavyo vile vidonge vyeupe vya nafthalini tunavyoweka kabatini kufukuza nondo. Ukifungua kabati baada ya miezi, kidonge kimekwisha na nguo hazijaloa. Ndivyo Kibo inavyopungua kwa sehemu kubwa. Tena, wakasema, upungufu huu ulianza mwishoni mwa karne ya 19, wakati Afrika Mashariki ilipoingia katika kipindi cha ukavu na hata maziwa yetu yakashuka, kabla moshi wa viwanda haujawa mwingi kiasi cha kulaumiwa. Barafu ya Kibo ina njaa ya theluji mpya kuliko inavyoumwa na joto.

Hapa ndipo wapinzani wa joto la dunia hufunga kitabu na kushangilia. Mwandishi wa riwaya wa Marekani, Michael Crichton, alikwishautumia mlima huu kwa namna hiyo katika riwaya yake ya mwaka 2004, akisema chanzo ni ukataji miti chini ya mlima. Lakini ukurasa unaofuata hawaufungui. Mote na Kaser walisema waziwazi kwamba kutofaa kwa Kilimanjaro kama ushahidi hakumaanishi dunia haipati joto. Kaser mwenyewe alikuwa mmoja wa waandishi wa ripoti ya IPCC ya mwaka 2007, iliyosema joto hilo halina shaka. Na Thompson naye alirudi mwaka 2009 na hoja mpya: sehemu ya juu kabisa ya barafu waliyoitoboa ilikuwa na alama za kuyeyuka ambazo hazikuonekana chini yake. Wengine wakaonyesha kwamba hata ule ukavu unahusiana na hali ya Bahari ya Hindi, na bahari nayo inapata joto. Kwa hiyo mjadala wa Kibo ni wa kweli na wa kitaalamu, na haujawahi kuwa mjadala wa kama dunia inapata joto au la.

Hata kadhi akimkataa shahidi mmoja kwa udhaifu wa kauli yake, mshitakiwa haachiwi huru kama wako mashahidi wengine kumi nje wanangoja kuitwa.

Kuhusu ile tarehe ya 2015 hadi 2020, imepita na barafu ipo. UNESCO ikatoa nyingine Novemba 2022: kwamba barafu ya Kilimanjaro itakuwa imetoweka ifikapo mwaka 2050. Binafsi sizipendi tarehe hizi. Siku ikipita, aliyeonya huitwa muongo, na mgonjwa anadhaniwa kapona kwa kuwa hakufa siku iliyotajwa na daktari. Barafu ya mwaka 2011 ilikuwa chini ya sehemu moja ya sita ya ile ya 1912, na hilo halibadilishwi na kosa la kalenda.

Sasa tuwaite mashahidi wengine, na wa kwanza hayuko kileleni. Yuko kihambani. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti kuhusu kahawa ya arabika ya Tanzania, kwa takwimu za kuanzia mwaka 1961 hadi 2012. Watafiti walitazama mvua, joto la mchana na joto la usiku, wakakuta kwamba kilichoambatana zaidi na kushuka kwa mavuno ni joto la usiku. Walikadiria kwamba kila nyuzi moja inayoongezeka usiku inapunguza kama kilo 137 za kahawa kwa hekta. Kwa mkulima wetu ambaye hekta yenyewe hana, ana ekari moja na nusu iliyogawanywa kwa ndugu watano, hiyo ni ada ya shule.

Angalia neno usiku. Kama jua lenyewe ndilo lingekuwa limeongeza ukali, mchana ndio ungepaswa kuongoza kwa joto. Lakini tangu miaka ya 1950, katika sehemu kubwa ya nchi kavu duniani, usiku umepata joto zaidi kuliko mchana. Hilo ndilo mtu angelitarajia kutoka kwa hewa ya ukaa, ambayo kazi yake ni kama ya blanketi: halikuletei moto, linazuia joto lako lisitoke. Kabla ya zama za viwanda hewa hiyo ilikuwa sehemu kama 280 katika kila milioni moja ya hewa. Leo imepita 420. Imepimwa mfululizo huko Hawaii tangu mwaka 1958, na haijawahi kupita miaka kumi bila kupanda. Shahidi huyu hana haja ya filamu wala hukumu ya jaji.

Shahidi wa pili ni maji, na hapa ndipo ubishi wa barafu umetudhuru. Tumeaminishwa, mpaka watoto wanaimba shuleni, kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Hebu tupige hesabu ya dukani. Tuseme barafu iliyobaki ni kilomita za mraba 2, na tuseme kila mwaka inapoteza kina cha mita moja, na tuseme yote inakuwa maji, ingawa tumeona kwamba sehemu kubwa inakwenda hewani. Hiyo ni mita za ujazo milioni 2. Sasa msitu wa Kilimanjaro una takriban kilomita za mraba 1,000. Upande wetu wa kusini mvua ya msituni inapita milimita 2,000 kwa mwaka, lakini kwa kuwa kaskazini ni kukavu tuchukue nusu tu, mita moja. Hiyo ni mita za ujazo bilioni moja. Mara 500! Weruweru na Kikafu ni watoto wa msitu. Mifongo waliyochimba babu zetu, ile inayopita kihamba hadi kihamba kwa zamu, inakunywa kutoka msituni.

Na msitu unapungua. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Andreas Hemp, aliyeutafiti mlima huu kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita kwa sababu ya moto, na kwamba hasara hiyo ni kubwa kuliko ya barafu. Ile miti ya juu iliyojaa ndevu za kijani si pambo. Inakamata ukungu na kuudondosha chini kuwa maji hata siku isiyo na mvua. Ikiungua, ukungu unapita kama mgeni asiyefunguliwa mlango.

Mtu atasema: basi ni moto, si joto la dunia, na waliowasha ni warina asali, wawindaji na wapandaji mlima. Kiberiti ni cha mwanadamu, ndiyo. Lakini Hemp anasema kilichofanya moto uwe mwingi na mkali ni hali ya hewa kuwa kavu zaidi. Sababu mbili zinaweza kushikana mikono, na anayekulazimisha uchague moja ana ajenda yake.

Nije kwenye siasa, kwa sababu najua ndugu yangu wa barazani bado hajaridhika. Hasira yake ninaielewa. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu ya dunia. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio dhidi ya bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga, na baridi ya mwaka huo huo nchi za Ulaya zilikuwa zinachoma makaa ya mawe. Ukiita huo undumilakuwili sitakupinga. Lakini undumilakuwili wa anayesema haupunguzi joto hata nyuzi moja. Tena tukikubali kwamba joto ni njama, tunajinyima haki yetu wenyewe: mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh, Misri, nchi maskini zilifanikiwa baada ya miaka mingi kupata makubaliano ya mfuko wa kufidia hasara na madhara. Huwezi kudai fidia ya ajali unayosema haikutokea.

Na fedha hizo zikija zije na hesabu sahihi. Mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ilipanuliwa ikachukua msitu, na watu wa vijiji vinavyopakana wakalalamika kuhusu kuni na majani ya ng'ombe, hasa akina mama. Msitu ulindwe, sina ubishi. Lakini mama aliyezuiwa kuokota kuni akaachwa bila jiko mbadala atakata mgrevilea wa kihambani, na kivuli cha kahawa kitaondoka huku usiku wenyewe unazidi joto. Mradi ukiandikwa kwa ajili ya barafu, fedha zitaishia kwenye picha za kilele. Ukiandikwa kwa ajili ya maji, utaanzia kwenye vikosi vya kuzima moto vya vijijini, miche, majiko na ukarabati wa mifongo inayovuja.

Oktoba 2020 mlima uliwaka kwa siku nyingi, na wanafunzi na wananchi wakapanda kusaidia kuzima. Oktoba 2022 ukawaka tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga wanayolala wageni wanaopanda kwa njia yetu ya Machame. Wenyeviti wa vijiji vya Hai wanayo haki ya kuuliza katika mkutano ujao ni watu wangapi wamefundishwa kuzima moto tangu hapo, na vifaa vyao vinahifadhiwa wapi.