MILIMITA MOJA TU: MAGURUDUMU YA KIGARI CHA MFANO

Kwa modeli ya mwaka wa 1964, kampuni ya Pontiac kule Marekani ilitia injini kubwa katika gari lake la kadiri, Tempest, likaitwa GTO. Wapenzi wa vigari vya plastiki vya kipimo cha 1:25 hupenda kukibadilishia magurudumu. Hapo ndipo wengi wetu huchapia.

Kwanza, piga hesabu. Inchi moja ni milimita 25.4. Gawanya kwa 25: unabaki na milimita moja hivi! Rimu ya kiwandani ya GTO ilikuwa inchi 14. Basi ya kigari ni milimita 14. Ukitaka ya inchi 15, ongeza milimita moja tu.

Pili, jaribu kabla ya gundi. Tairi pana za nyuma zikigusa bodi, piga msasa ndani ya bodi polepole.

Tatu, simamisha kigari juu ya kioo. Mimi nilikurupuka: magurudumu matatu yakakanyaga, la nne likaning'inia milimita mbili. Kwa gari la kweli, hizo ni inchi mbili hewani! Kazi ya wiki mbili, kwisha.

Kweli, haraka haraka haina baraka.