Ulimi, Simu na Mambo ya Serikali
Somo juu ya Amri ya Nane



Mmekwisha kujifunza kwamba amri ya nane ya Mungu yakataza kumshuhudia jirani uwongo. Wengi hudhani kwamba amri hiyo yamhusu tu mtu asimamaye mbele ya hakimu na kuapa. Sivyo. Yatuhusu kila mahali tunapofungua kinywa: barazani, sokoni, njiani tutokapo shambani, na siku hizi hata katika simu tuishikayo mkononi.

Maana siku hizi watu wa vijiji vyetu hujadili mambo ya serikali kwa simu, tangu alfajiri hata usiku. Wanajadili vita na amani, kodi, vizuizi vya njiani, mpaka wa mbuga ya Virunga, umeme wa Matebe, shule za watoto. Mkulima wa Bwito anaandika neno. Ndugu yake aliyekimbilia Goma anamjibu. Binamu yao aliye Kampala anaongeza lake. Wote watatu hawaonani uso. Basi leo tujifunze jinsi impasavyo Mkristo kusema juu ya mambo hayo.

I. Je, ni halali kujadili mambo ya serikali?

Ndiyo, ni halali, na mara nyingine ni wajibu. Mamlaka yatoka kwa Mungu kwa ajili ya mema ya watu wote. Kwa hiyo watu wote wana haki ya kuuliza kama mema hayo yatendeka.

Tazameni Maandiko Matakatifu. Askari walipomwendea Yohane Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, aliwaagiza wasinyang'anye mali ya watu kwa nguvu, wala wasimsingizie mtu, bali waridhike na mshahara wao. Hilo lilikuwa neno juu ya mambo ya serikali. Naye Mtume Paulo, alipopigwa na kufungwa bila hukumu mjini Filipi, hakutoka gerezani kwa siri. Aliwadai wakubwa waje wenyewe kumtoa, kwa kuwa alikuwa raia wa Roma. Hakuwatukana, lakini hakuiacha haki yake.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulifundisha vilevile kwamba raia wana haki na wajibu wa kushiriki katika mambo ya nchi yao. Hata Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 23, yampa kila mtu uhuru wa kusema mawazo yake, lakini kwa kuheshimu sheria na mwenendo mwema.

Tena kwetu Rutshuru jambo hili ni zito kuliko kwa wengine. Mwishoni mwa Oktoba 2022 kundi la M23 liliingia Kiwanja na Rutshuru. Tarehe 20 Desemba 2023 Wakongo walipiga kura, lakini watu wa Rutshuru na wa Masisi hawakupiga, kwa sababu ya vita. Aliyekosa karatasi ya kura hubaki na neno lake tu. Neno hilo lisipokuwa la kweli, amebakiwa na nini?

II. Tupambanue mambo matatu

Watu wakibishana, mara nyingi huchanganya mambo matatu. Mwenye kuyapambanua hubishana kwa amani. Asiyeyapambanua hufika kwenye matusi upesi. Tutoe mfano wa shule.

Kwanza, kuna jambo lenyewe. Katiba, katika kifungu cha 43, yasema elimu ya shule za msingi za serikali ni ya lazima na ya bure. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza neno hilo, na wazazi, waliokuwa wamezoea kulipa fedha za walimu kwa miaka mingi, wakaambiwa wasilipe tena. Hayo yajulikana, yaweza kusomwa na kuthibitishwa. Ukisema darasa fulani lina watoto wengi kupita kiasi, nenda ukawahesabu. Juu ya jambo lenyewe hatushindani kwa kelele, twalichungua.

Pili, kuna maoni. Mmoja asema: «Serikali ilifanya vema, kwa sababu mtoto wa maskini amepata kuingia shuleni.» Mwingine asema: «Ilipaswa kwanza kujenga madarasa na kutengeneza mishahara ya walimu.» Hao wawili waweza wote kuwa Wakristo wema. Hapa hakuna mwongo. Kila mmoja atoe sababu zake, amsikilize mwenzake, naye asione haya kubadili fikira akishindwa kwa sababu njema.

Tatu, kuna kumhukumu mtu. Mtu asema: «Fedha zile zimeliwa na watu wa kabila fulani.» Hapo mabishano yamekwisha kuacha shule. Je, amewaona wakila? Ni akina nani, na ni siku gani? Kama hajui, amefanya dhambi. Akidhania ubaya bila sababu ya kutosha, amehukumu kwa haraka. Akitangaza ovu la kweli pasipo haja, amesengenya. Akitangaza ovu asilolijua au lisilokuwako, amesingizia. Na kumsingizia mtu katika jambo kubwa ni dhambi kubwa.

Basi shikeni kanuni hii: lichunguze jambo, yapime maoni, mwogope Mungu unapomtaja mtu.

III. Neno laweza kuua

Mwingine atasema: «Ni maneno tu, maneno hayamwagi damu.» Sisi wa Kivu tusiseme hivyo kamwe.

Katika nchi jirani ya Rwanda, mwezi wa Julai 1993, redio iitwayo RTLM ilianza kutangaza. Ilikuwa na nyimbo na mizaha, na watu wakaipenda. Kidogo kidogo ikawaita jirani zao mende. Mwaka 1994 ikawahimiza watu kuua, hata ikataja majina ya watu na mahali walipojificha. Mwezi wa Julai mwaka huo watu mamia ya maelfu walivuka mpaka wakaingia Goma, na wengi wakakaa kambini Katale, katika teritwari yetu hii. Wazee wenu wanakumbuka kipindupindu kilichowaua kwa maelfu. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya mataifa huko Arusha iliwatia hatiani watu watatu, wakubwa wawili wa redio hiyo na mwenye gazeti moja. Shtaka kuu juu yao lilikuwa maneno yaliyotangazwa na kuandikwa.

Wala tusidhani kwamba hayo yamepita. Mwezi wa Novemba 2023, mjini Goma, umati wa watu ulimkamata askari mmoja wa jeshi la taifa, ukampiga, ukamwua, ukamchoma moto. Alishukiwa kuwa adui kwa ajili ya kabila lake, hali alikuwa askari wa nchi. Nani alimwua? Waliompiga walimwua. Lakini na wale waliokwisha kuandika, siku nyingi kabla, kwamba watu wenye sura ile wote ni maadui, je, mikono yao ni safi?

Wahutu, Wanande, Watutsi, Wahunde, Watwa, wote wameumbwa na Baba mmoja. Kabila halitendi dhambi; mtu hutenda dhambi. Kama mtu ameiba, ameua au amechoma nyumba, semeni: mtu huyu, siku hii, mahali hapa, ametenda hivi. Msiseme: watu wa kabila lile ndio walivyo. Hata sheria ya nchi, tangu tarehe 7 Juni 1966, yaadhibu chuki ya rangi na ya kabila.

IV. Kabla ya kupeleka ujumbe mbele

Watu hupenda kusema: «Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.» Methali hiyo yafaa kumwonya mtu ajihadhari, lakini haifai kuwa ushahidi. Kumbukeni umati uliosimama mbele ya Pilato. Makuhani wakuu waliwachochea watu, nao wakapaza sauti wamtake Barabba na kumkataa Yezu. Wengi wao hawakuwa na kisa naye. Walirudia tu neno walilotiwa kinywani. Anayepeleka mbele ujumbe asioujua asimama katika umati ule.

Kwa hiyo, kabla kidole hakijabonyeza, jiulizeni maswali manne:

1. Nani aliyeona? Kama ujumbe hauna jina la shahidi, wala mahali, wala tarehe, haujawa habari bado. Katika WhatsApp, mishale miwili juu ya ujumbe ni alama kwamba umepita mikono mingi. Yule aliyekutumia hakuuandika, na labda hamjui mwandishi.

2. Je, picha hii ni ya hapa na ya siku hizi? Maiti wa vita vya zamani, au vya nchi nyingine, wameonyeshwa mara nyingi kana kwamba wameuawa jana.

3. Nikiupeleka, nani atapata faida, na nani ataweza kudhurika?

4. Je, ningeweza kuyasema maneno haya mbele ya mtu yule ninayemtaja, na padri na wazee wakisikia?

Jibu la swali moja likikosekana, simamisha mkono. Sheria ya mambo ya simu na intaneti, ya tarehe 13 Machi 2023, yamwadhibu anayeanzisha uwongo juu ya mtu na vilevile anayeupitisha. Sheria ya Mungu ilitangulia kusema hivyo.

Tunao mfano mwema wa kufuata. Kwa uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, Maaskofu wa Kongo waliweka watazamaji wapatao 40,000 nchini, wengi wao waamini wa kawaida wa parokia. Hao walikaa penye kura, wakatazama, wakaandika waliyoyaona. Kila mmoja alishuhudia sanduku lililokuwa mbele ya macho yake, na kwa ushuhuda huo Maaskofu waliweza kusema mbele ya taifa zima. Kumbe watu wadogo wakisema kweli moja moja, sauti yao inakuwa kubwa.

V. Kama kusema ni hatari?

Mtauliza: «Mwalimu, mahali penye silaha, mtu akisema kweli aweza kupotea. Je, kunyamaza ni dhambi?»

Jibu: Amri ya nane yakataza uwongo, haikuagizi kumwambia kila mtu kila jambo. Asiye na haki ya kujua siri yako, usimwambie. Yezu mwenyewe, Herodi alipomwuliza maneno mengi, hakumjibu neno. Lakini alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, alimtaka aliyempiga aonyeshe ubaya wa neno alilosema. Hivyo alitufundisha kunyamaza kwa wakati wake na kuomba ushahidi kwa wakati wake. Baba wa jamaa anayenyamaza ili watoto wake wasidhurike hatendi dhambi. Dhambi ni kumchongea jirani ili wewe upone, au kupiga makofi pamoja na wanaomsingizia asiye na kosa.

Tena kumbukeni kwamba kweli hushuhudiwa pia kwa matendo. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alikuwa mkaguzi wa bidhaa zilizoingia nchini. Alikataa rushwa, asikubali chakula kilichoharibika kuuzwa kwa watu. Kwa ajili hiyo aliuawa mwezi wa Julai 2007, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri. Yeye hakuishia kulaumu ubaya wa nchi. Penye kazi yake mwenyewe aliukataa.

VI. Aliyeharibu jina la mwenzake afanye nini?

Maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo mwenye kosa hana ruhusa ya kukaa kimya. Mwizi wa mbuzi hurudisha mbuzi. Mwizi wa jina hurudisha jina. Kufuta ujumbe hakutoshi, maana waliousoma wamekwisha kuusoma. Imempasa aandike katika kikundi kile kile: «Neno nililolipeleka halikuwa kweli», na kama yule aliyesingiziwa amepata hasara, amsaidie kadiri awezavyo.

Ninyi mnaojitayarisha kwa ubatizo, msiseme: «Ubatizo utaniondolea yote, sina haja ya kurudisha.» Ubatizo waondoa dhambi zote kweli, lakini haki ya jirani yabaki inadai. Zakayo alipompokea Bwana nyumbani mwake aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Siku ya ubatizo mtamkataa Shetani, naye ndiye baba wa uwongo. Anzeni kumkataa sasa, katika simu zenu.

Maswali ya kukumbuka

Swali: Je, Mkristo aweza kujadili mambo ya serikali?
Jibu: Aweza, na mara nyingine yampasa, kwa kweli na kwa upendo, kwa ajili ya mema ya wote.

Swali: Kusengenya na kusingizia vyatofautianaje?
Jibu: Kusengenya ni kutangaza ovu la kweli la mtu pasipo haja, kusingizia ni kutangaza ovu lisilo la kweli.

Swali: Anayepeleka mbele uwongo alioandika mwingine, ana kosa?
Jibu: Ndiyo, ikiwa alijua ni uwongo, au hakutaka kuchunguza.

Swali: Aliyeharibu jina la jirani afanyeje?
Jibu: Atubu, na alirudishe jina hilo mbele ya wale waliosikia uwongo.

Azimio la juma hili: Sitapeleka mbele neno lolote juu ya kabila lolote. Na nikiona katika kikundi mtu anasingiziwa, kama naweza bila hatari, nitauliza kwa upole: «Ndugu, nani aliyeona?»

Tusali: Ee Bwana Yezu, uliyehukumiwa kwa ushahidi wa uwongo, linda vinywa vyetu na mikono yetu. Utupe ujasiri wa kusema kweli, na hekima ya kunyamaza inapotupasa. Uwarudishe makwao wote waliokimbia vita, na uipe Rutshuru amani. Amina.