Dubwi likishiba, hutema?

SWALI: Nimeanza kucheza dubwi hapa Kimamba. Wenzangu wanasema likishameza sarafu nyingi, lazima liteme. Ni kweli? – Msomaji, Kimamba, Kilosa

JIBU: Hakuna “lazima”, ndugu yangu, na imani hiyo imewamalizia vijana wengi hela za vibarua vyao. Dubwi, yaani mashine ya kamari ya sarafu, limepangwa limbakizie mwenye mashine sehemu ya fedha. Tuseme ni shilingi 10 katika kila 100. Ukizungusha mara 100 kwa sarafu ya 200, umepitisha 20,000. Hasara yako ya wastani ni 2,000. Mizunguko hiyo inaisha upesi mno, na ule ushindi mdogomdogo unaurudisha humohumo. Hapo ndipo mshahara unapoyeyukia.

Hata poka ya video, ambayo ujuzi husaidia kidogo, huchanganya karata 52 upya kila mchezo, kwa hiyo haikumbuki ilichokwisha kumeza. Seti kubwa kuliko zote huja takriban mara 1 katika michezo 40,000.

Ukitaka kucheza, tenga hela ya soda, ikiisha ondoka. Hakikisha mashine ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Na kama hela ya mbegu imeshaingia humo, usiifuate. Waambie nyumbani leo.