Humiki Inayotokana na Makaa ya Mawe: Ijue Kabla ya Kununua, na Usijaribu Kuipika Nyumbani

 

Msimu huu, kuanzia Mkata na Kabuku mpaka Mombo, naulizwa maswali yale yale matatu kuhusu ule unga mweusi unaong'aa unaouzwa madukani kwa jina la asidi ya humiki. Je, ni mbolea? Kama ni asidi, hautaunguza mahindi? Na la tatu ndilo lililonifanya niandike leo: "Bwana shamba, si naweza kutengeneza mwenyewe kwa mkaa na maji ya betri?" Jibu la hilo ni HAPANA, na sababu nitaieleza. Tuanze mwanzo.

Inatoka wapi?

Kwanza tutenganishe mkaa na makaa ya mawe. Mkaa tunachoma wenyewe kwa miti. Makaa ya mawe ni mimea ya zamani sana iliyofukiwa ardhini ikabanwa kwa mamilioni ya miaka. Yapo magumu, kama ya Ngaka kule Mbinga na Kiwira, ambayo hutumika zaidi viwandani kama kuni. Yapo pia machanga, laini, ya rangi ya kahawia, yanaitwa lignaiti.

Lignaiti ikikaa karibu na uso wa ardhi, hewa na maji huifikia. Oksijeni ya hewani inajishika kwenye kaboni yake polepole, kama kutu inavyokula jembe lililoachwa nje. Kule oksijeni inakojishika ndiko zinakotokea sehemu zenye tabia ya asidi. Lignaiti iliyoliwa na hewa namna hiyo inaitwa leonadaiti, kwa jina la mtaalamu wa miamba A. G. Leonard wa North Dakota, Marekani. Hiyo ndiyo malighafi ya humiki nyingi inayouzwa duniani.

Inaitwa asidi, mbona haiunguzi?

Asidi zina nguvu tofauti. Ndimu ni asidi na tunakamulia samaki. Maji ya betri ni asidi pia, lakini yanatoboa nguo. Asidi ya humiki ni dhaifu sana, na ikiwa peke yake karibu haiyeyuki kwenye maji.

Ili iyeyuke, kiwanda huchanganya leonadaiti na potasiamu haidroksaidi, ambayo ni kali kuliko magadi na iko upande wa pili kabisa wa asidi. Kinachopatikana kinaitwa potasiamu humeti. Kwa hiyo unga ule ulioandikwa asidi, ukiukoroga kwenye maji, kwa kawaida unasoma pH ya 9 au 10. Uko karibu na magadi kuliko ndimu!

Hapo unapata mambo matatu ya usalama:

1. Vumbi lake linawasha macho na kifua. Vaa miwani, barakoa na glavu, na usisimame upande upepo unakoelekea.
2. Usiuchanganye kwenye pampu moja na mbolea yenye kalsiamu wala dawa yenye asidi. Humiki itagandana na kuziba nozeli. Kama huna uhakika, changanya kidogo kwenye chupa kwanza, usubiri nusu saa. Ukiona mabonge, usipige.
3. Hautibu udongo wenye tindikali nyingi. Kazi hiyo ni ya chokaa ya kilimo, baada ya kupima udongo. TARI Mlingano, hapo Muheza, ni kituo cha utafiti wa udongo. Tuko nacho jirani, tukitumie.

Je, ni mbolea?

Hapa ndipo pesa zinapopotea, kwa hiyo tupige hesabu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Kilo moja ya humeti ambayo lebo yake inasema potashi asilimia 10 ina gramu 100 tu za potashi, na naitrojeni karibu hakuna. Sasa mtu akikwambia kilo moja inatosha badala ya mfuko wa urea, hesabu hiyo inaingiaje?

Kazi ya humiki ni kusaidia. Inashika virutubisho visioshwe haraka na mvua, na inaweza kuchangamsha mizizi. Mwaka 2014 watafiti waliokusanya majaribio mengi ya duniani walikuta uzito wa mimea na wa mizizi umeongezeka kwa wastani wa takriban asilimia 20. Lakini matokeo yalitofautiana sana kulingana na chanzo cha humiki, kiasi kilichotumika na hali ya mmea. Tegemea zaidi kuona faida kwenye udongo wa kichanga uliochoka, si kwenye udongo mweusi wenye mboji ya kutosha.

Ukitaka uhakika, jaribu kwanza. Chukua mistari 10 weka humiki, mistari 10 usiweke, mbolea na palizi ziwe sawa. Ukivuna, pima kila upande kwa mizani. Shamba lako likujibu lenyewe.

Kupima kama si feki

Weka kijiko kimoja kwenye glasi ya maji safi, koroga. Humeti nzuri inayeyuka, maji yanakuwa meusi ya kahawia. Unga wa mkaa au masizi unaelea au unatuama chini bila kuyeyuka. Halafu kamulia ndimu nyingi. Humiki huanza kugandana na kushuka chini. Rangi ya kawaida ya kupaka haifanyi hivyo. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya maabara, lakini kinakuondolea udanganyifu wa wazi. Soma pia lebo uone usajili wa TFRA, na udai risiti.

Kwa nini usitengeneze nyumbani

Ni kweli viwandani kuna njia ya kuharakisha kazi ya hewa: makaa ya mawe hupikwa na asidi ya naitriki. Lakini mchanganyiko huo unachemka wenyewe na kutoa moshi wa rangi ya kahawia nyekundu. Moshi huo ni sumu ya mapafu, na ubaya wake unajificha: mtu anakohoa kidogo, anapata nafuu, anaenda kulala, kisha saa kadhaa baadaye mapafu yanajaa maji. Viwanda vina mitambo ya kuuvuta. Wewe una sufuria na watoto wanacheza uani.

Maji ya betri nayo ni asidi ya salfuriki, na ya betri chakavu yana risasi. Ukiyamwaga kwenye mkaa hupati humiki. Unapata mkaa wenye asidi na risasi, kisha unaupeleka kwenye mchicha utakaokula.

Hata vumbi la makaa ya mawe mabichi usimwage shambani. Baadhi yana salfa iliyoshikana na chuma; yakikutana na hewa na mvua hutoa asidi ya salfuriki.

Asidi ikikumwagikia, vua nguo iliyolowa na osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Aliyevuta moshi ule apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata akisema amepona, na daktari aambiwe alivuta nini.

Humiki ya bure unayo

Samadi iliyooza vizuri na mboji vina humiki ndani yake, pamoja na naitrojeni na fosforasi ambazo unga wa dukani hauna. Wa Handeni mna mifugo. Wa Korogwe mna mabaki ya mkonge. Yaozesheni kwanza na samadi, maana mabichi yana tindikali. Anza na hivyo, weka mbolea yako ya kupandia na kukuzia kama kawaida, halafu kama pesa imebaki ndipo ujaribu humiki kwenye mistari yako 10.

Mwenye swali anisimamishe nikipita kijijini, au afike ofisi ya kata na mfuko wenyewe tusome lebo pamoja. Kazi njema.