Mtoto wa Kulea na Habari za Kwao

Somo: Kutoka 2:1–11, Esta 2:5–10



Katika mitaa yetu ya Kariakoo, Gerezani na Ilala, nyumba nyingi zina mtoto aliyezaliwa kwingine. Huyu ni wa dada aliyefariki, yule ametoka bara aje kusoma, na mwingine ameletwa na Afisa Ustawi wa Jamii kwa karatasi za sheria. Huyu wa mwisho Serikali husema yuko katika malezi ya kambo. Sisi neno hilo hatulipendi sana, maana hadithi za bibi zetu zilimpaka matope mama wa kambo, lakini ndilo linalotumika.

Watoto hawa twawalisha, twawavika na kuwapeleka shule. Tunachowanyima ni habari zao wenyewe. Mtoto akiuliza mama yake yuko wapi, twamjibu, “Amesafiri.”

Tulipokuwa tukifundisha tuliyaona matunda ya jibu hilo. Mtoto wa darasa la tano aligombana na mwenzake bombani, akaambiwa mbele ya watu kwamba yule amwitaye mama si mama yake. Hakulia. Alirudi darasani, akachukua kifutio, akafuta jina la ukoo juu ya madaftari yake yote mpaka karatasi zikatoboka. Mlezi wake alikuwa mwanamke mwema, tena alikuwa amenyamaza kwa huruma tu. Lakini mtoto alipofika nyumbani hakumwuliza habari za mama. Alimwuliza, “Na mangapi mengine mmenidanganya?”

Tumtazame Musa. Alilelewa na binti Farao, lakini alinyonyeshwa na mama yake mzazi, na alipokua alitoka kwenda kuwaona ndugu zake. Basi alijua ni ndugu zake. Esta naye alikuwa yatima, mwenye jina la pili Hadasa. Mordekai alimwagiza asiwadhihirishie watu wa jumba la mfalme kabila lake. Yeye mwenyewe alilijua. Walezi wengi huchanganya mambo haya mawili. Si lazima majirani wajue kila kitu, bali mwenye habari hana budi kuijua. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa mtoto haki ya kuwajua wazazi waliomzaa na jamaa zake.

Twaanza lini? Mapema, kabla bombani hawajatutangulia. Mtoto wa miaka minne yatosha kuambiwa, “Ulizaliwa na mama mwingine, nasi tunakulea.” Akifika miaka kumi aweza kusikia habari za ugonjwa na kifo. Tusimtukane mzazi wake, hata kama alikuwa mlevi, maana mtoto hujihesabu kuwa nusu ya mzazi huyo.

Pagumu zaidi ni kwa mtoto aliyeokotwa. Hapo tuseme tunayoyajua, tusitunge mengine: alionekana alfajiri, akina mama wauza mboga walimfunika kanga, wakampeleka polisi. Kanga hiyo kama ipo, itunzwe. Ni mali yake kuliko nguo zote tulizomnunulia. Akiuliza kwa nini aliachwa, nasi hatujui, tumwambie hatujui.

Huko Uganda, katika miaka ya 1990, akina mama wenye virusi vya UKIMWI wa chama cha NACWOLA, kilichoanzishwa mwaka 1992, waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: babu zako ni nani, ulizaliwa wapi, ulipenda chakula gani ulipokuwa mdogo. Nasi daftari moja la dukani latosha. Tuandike jina la aliyempa mtoto jina lake, na sababu yake. Watoto wetu hupita Kariakoo kila siku bila kujua kwamba jina hilo latokana na Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao maelfu yao walikufa kwa maradhi. Wasilibebe jina lao wenyewe vivyo hivyo.

Kama mtoto alibatizwa, mwendeeni Kasisi wa kanisa alikobatizwa. Daftari la ubatizo huwa na majina ya wazazi na ya wadhamini, na pengine mdhamini mmoja yu hai naye alimjua mama. Kama ana ndugu wanaolelewa kwingine, mwulizeni Afisa Ustawi wa Jamii jinsi ya kuwakutanisha. Msiwatafute kimya kimya.

Mkikutana nyumbani mwezi huu, someni sura hizo mbili, kisha kila mlezi aseme mtoto wake anajua nini juu ya kwao, na alikisikia kwa nani.